Anataka Kuacha Pombe: Mnaanzia Wapi?

Leo tuongee jambo ambalo nyumba nyingi zinalo lakini halitajwi sebuleni: ulabu. Pengine mnywaji ni dingi. Pengine ni kaka aliyeanza na viroba kabla havijapigwa marufuku mwaka 2017. Pengine ni mama. Na pengine ni wewe mwenyewe.

Sasa tuseme asubuhi moja mtu huyo anakwambia, "Mwanangu, hii pombe nataka kuiacha." Utamjibu nini? Wengi tunajibu, "Si uache tu!" Lakini kuacha siku moja si kazi. Kazi ni siku ya pili, ya kumi, na ile jioni ya mwisho wa mwezi washikaji zake wanapomgongea geti. Jioni hiyo anahitaji mtu anayeijua hali hiyo kwa kuipitia, na watu hao hukutana kwenye vikundi.

Vikundi hivi vilianzaje? Mwaka 1935, mjini Akron, jimbo la Ohio huko Marekani, walikutana walevi wawili. Mmoja alikuwa mtu wa biashara ya hisa, mwingine daktari wa upasuaji. Waligundua kwamba wakiongea wao kwa wao, bila kuhubiriana, kila mmoja anaweza kuimaliza siku bila kunywa. Ndipo kikazaliwa chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, kwa kifupi A.A. Leo kipo katika nchi nyingi, na Tanzania imo. Hatua zake 12 ndizo zinazofuatwa hata katika soba hausi za Zanzibar, wanakoishi pamoja watu wanaoacha madawa ya kulevya.

Usidhani ni mahakama. Hakuna kiingilio wala ada. Mtu anajitaja kwa jina moja, na yanayosemwa pale hayatoki nje. Sharti ni moja tu: uwe unataka kuacha kunywa. Asiyetaka kuongea anakaa, anasikiliza, anaondoka zake. Mikutano mingine ni ya wazi, hata ndugu anaweza kuingia. Mingine ni ya wenye tatizo la pombe peke yao.

Haya, mnaipataje kutokea hapa Mbezi Beach?

Kwanza, hospitali. Tafadhali hili lishike. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asikatize ghafla peke yake nyumbani. Mwili unaweza kugoma: kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwepo, hata kuanguka kama mwenye kifafa. Wengine hufa. Mpelekeni kwanza kwa daktari, kwa mfano Hospitali ya Mwananyamala, aeleze bila kuficha anakunywa kiasi gani. Dalili hizo zikianza, msingoje kukuche.

Pili, akiwa hapo hapo aulize vikundi vinakutana wapi. Muulizeni daktari wa magonjwa ya akili au afisa ustawi wa jamii. Kumuona daktari huyo hakumfanyi mtu kuwa kichaa. Uraibu wa pombe ni ugonjwa, na yeye ndiye fundi wake.

Tatu, kabla ya kutoka nyumbani pigeni simu muulize: siku gani, saa ngapi, Kiswahili au Kiingereza, wa wazi au la, na kituo gani cha daladala. Swali la kituo si la mchezo. Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo, lakini Mbezi Mwisho iko Barabara ya Morogoro. Mtu anayetetemeka kwa woga wa mara ya kwanza, ukimpotezea njia, atashukia baa.

Nne, mara ya kwanza msindikizeni. Mtu mzima mwenzake ndiye anafaa zaidi, mjomba au shangazi. Kama mkutano si wa wazi, mfikisheni mlangoni mrudi. Na msitangaze mtaani! Siri ile ni yake.

Sasa tuongee juu yako. Ulevi wa mzazi si kosa lako, wala huwezi kumwachia yeye pombe. Wewe umeonyesha mlango, kuingia ni kwake. Akianguka tena baada ya miezi mitatu, usimwambie "nilijua tu". Mwambie mkutano ujao ni lini. Nawe usibebe mzigo huu peke yako. Tangu mwaka 1957 A.A. ina ndugu yake aitwaye Alateen, vikundi vya vijana ambao mtu wao wa karibu ni mlevi. Hata pasipokuwa na kikundi hicho karibu, mwalimu wa malezi yupo, shangazi yupo. Na pombe ikigeuka kuwa kipigo nyumbani, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.

Na kama mnywaji ni wewe, unayeonja kidogo kwenye pati na siku hizi huoni raha bila kuonja, usingoje ufike umri wa dingi. Mlango ni ule ule.

Haya, kazi kwenu. Wiki hii ulizeni mahali pamoja tu, muandike jibu kwenye daftari. Siku mtu wenu atakaposema "nataka kuacha", muwe mnajua pa kumpeleka siku hiyo hiyo. Kesho yake anaweza kuwa amebadili mawazo.