Maneno ya Mweka Hazina: Siku ya Mavazi, Darasa la Tatu



Siku ya Mtoto wa Afrika, ile ya kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto wa 1976, tuliwaomba watoto wa darasa la tatu kijijini waje wamevaa kama watu wa kazi wanazozitamani. Wazo lilitoka kwetu sisi wa mjini. Alikuja daktari kwa shati la baba yake, na injinia mwenye kibuyu kichwani badala ya helmeti! Tulicheka, tukapiga picha. Mwalimu ndiye aliyetuonyesha madawati matupu: waliokosa cha kuvaa walibaki nyumbani. Kosa hilo ni letu. Mwaka huu tumetenga fungu la vitambaa na ujira wa fundi cherehani wa palepale. Nguo zitakaa kabatini shuleni, kila mtoto achague. Bahasha zinapita sasa.