Picha Ije Nyuma: Nililojifunza kwa Filimbi
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano mkuu wa shirika letu, Bunia)



Niliombwa niseme juu ya masomo ya watu wazima: kwa nini wengi wanaandikisha majina, halafu baada ya wiki tatu viti vinabaki vitupu. Ningeweza kuleta ripoti. Leo nimeleta filimbi. Msicheke kwanza, mtacheka mwisho nikiipiga.

Nianze na kosa langu. Mwaka jana, katika darasa letu la kusoma na kuandika, tulikuwa na mama mmoja aliyerudi kutoka kambi ya Kyangwali, Uganda. Ni mmoja wa watu wengi waliovuka Ziwa Albert mwaka 2018, wakati machafuko ya Djugu yalipotutawanya. Kule aliuza samaki kavu, akalea watoto, akahesabu franga zetu na shilingi za Uganda kichwani bila kukosea. Wiki ya pili aliitwa ubaoni aandike jina lake. Mkono ukatetemeka. Mimi nikatoa simu, nikampiga picha kwa ajili ya ripoti. Picha ilitoka nzuri sana. Mama hakurudi tena.

Nilimfuata nyumbani, nikamhubiria uvumilivu, sawa vile tunavyozoea sisi watu wa mashirika. Akanijibu: “Papa, weye ulisomaka tangu butoto. Hauwezi kujua.”

Alikuwa na haki. Niko na diploma ya chuo kikuu, lakini tangu niipate sikuwa nimeanza tena kitu nisichokijua kabisa, mbele ya watu. Basi nikaenda kwa mwalimu mmoja wa kwaya hapa mjini, anayepiga filimbi tangu ujana wake. Nikamwomba anifundishe. Nilikuwa na miaka 34.

Hakunipa filimbi. Alinipa chupa tupu ya soda. “Puliza juu ya mdomo wake, usipulize ndani.” Siku tatu nilipuliza mpaka kichwa kikazunguka. Filimbi hii inayoshikwa kwa ubavu haina kitu ndani cha kukusaidia. Sauti inazaliwa pale pumzi inapogonga ukingo wa tundu na kugawanyika. Ukisogeza mdomo kidogo tu, unasikia upepo mtupu. Ukiongeza nguvu, inapiga kelele kama kipenga cha refa. Mtu aliyezoea kushinda mambo kwa nguvu, hapo anaaibika.

Baadaye akanitengenezea filimbi ya tiyo ya maji ya plastiki. Alitoboa tundu la mdomo na matundu sita ya vidole kwa msumari wa moto, upande mmoja akauziba kwa kipande cha kandambili. Akanionyesha sauti tatu za mkono wa kushoto: kidole kimoja, si, viwili, la, vitatu, sol. Ilinichukua wiki nne kuzipata hizo tatu.

Sasa sikieni. Jumamosi moja mwenzangu wa kazi alipita, akanirekodi kupitia dirishani, akatuma kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Hakuwa na ubaya. Watu walicheka, na mimi nikaandika kwamba ninacheka. Lakini Jumamosi iliyofuata sikwenda. Nilijiambia niko na kazi. Jumamosi ya pili, kazi tena. Nikiwa katika kazi ile ya uongo, nikamkumbuka mama na picha yangu.

Aliyenirudisha ni mwalimu. Alikuja nyumbani, akanieleza habari za Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa. Ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, ambaye yeye mwenyewe alikuwa rubani wa ndege. Wengi walioingia walikuwa wanaanza tu, hawajui kusoma noti. Vyombo vilikuwa vichache kuliko watu, wakapokezana. Waya wa violini ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Mwaka 2010 filamu ya Kinshasa Symphony ikawaonyesha kwa dunia. Mwalimu akaniuliza: “Kutoka 1994 mpaka 2010 ni miaka mingapi?” Nikamjibu, 16. Akasema: “Unaona? Picha ilikuja nyuma.”

Ndugu zangu, sisi tuliweka picha mbele. Kwa hiyo niko na maombi matatu.

La kwanza ni kwa wafadhili wetu. Miezi mitatu ya mwanzo, tusipige picha darasani na tusilete wageni. Hesabu ya waliohudhuria tutawapa kila mwezi. Sura zao mtuvumilie.

La pili ni kwa wazazi. Saa ya darasa, watoto wasijazane dirishani. Mtoto akicheka anasahau siku hiyo hiyo. Mama yake hasahau.

La tatu ni kwetu sisi tunaosimamia. Tusimwite mtu peke yake ubaoni. Ndugu zetu Waalur wa Mahagi wako na agwara, tarumbeta zao za mti. Wanapiga wengi pamoja, kila mmoja anaingiza sauti yake kwa zamu, na wimbo unatokea katikati yao. Anayeanza hahitaji kubeba wimbo mzima, anahitaji kujua anaingia wapi. Basi ubaoni waende wawili wawili, mmoja aanze neno, mwenzake amalize.

Ile picha nimeifuta. Nilirudi kwa mama kuomba msamaha, nikiwa na filimbi. Nilimpigia sauti zangu tatu, ya pili ikakataa. Watoto wake wakaanguka kwa kicheko. Yeye akawanyamazisha, akaniambia: “Anza tena.” Nikaanza tena. Juu ya darasa, alisema ataona. Tunafungua Jumanne, na kiti chake kiko pale pale karibu na mlango.

Sasa nitapiga. Ni si, la na sol tu. Naomba simu zibaki mfukoni.