Nakuru na Naivasha: Kijana Wetu Atafute Kazi Wapi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Halmashauri ya Chama imeniagiza niseme mbele yenu juu ya miji miwili ya Bonde la Ufa, yaani Nakuru na Naivasha, na nieleze ni upi umfaao zaidi mtu atokaye nyumbani kutafuta kazi. Sababu ya agizo hili mnaijua. Liko shauri mbele ya mkutano huu kwamba chumba chetu cha wageni kilichoko Nakuru, kinachowapokea vijana wetu katika mwezi wao wa kwanza, kifungwe, na fedha za kodi yake zikalipie chumba kingine Naivasha, kwa kuwa huko ndiko waendako vijana wengi siku hizi. Mimi nimekaa Naivasha miaka sita, kisha nikahamia Nakuru, nami nipo huko hata leo. Basi nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, na mkiona ninaelemea upande mmoja, naomba mnivumilie mpaka nimalize.

Miji hii ni majirani. Kutoka Nairobi mpaka Naivasha ni kama kilomita 90, na kutoka Naivasha mpaka Nakuru ni kama 70 nyingine, Gilgil ikiwa katikati. Yote miwili ilizaliwa na reli ile iliyofika Ziwa Viktoria mwaka 1901, yote imo katika Kaunti moja, na kila mmoja una ziwa lake. Lakini maziwa yenyewe hayafanani. Ziwa Naivasha lina maji matamu, nayo huvutwa kwa mabomba kumwagilia mashamba. Ziwa Nakuru ni la magadi. Halimei kitu kwa maji yake, bali huwalisha heroe na kuwavuta watalii. Wenye mashamba ya maua walifuata maji matamu, na vibarua wakawafuata wenye mashamba, na ndiyo sababu mtu anayeuliza habari za kazi Naivasha huelekezwa kwanza kando ya ziwa wala si mjini.

Niseme kwanza sifa za Naivasha, maana ni za kweli. Tangu miaka ya 1980 na kitu kilimo cha maua kimekuwa kikubwa sana mahali pale, hasa waridi, ambayo hukatwa alfajiri, hupangwa kwa urefu wa mashina, hupelekwa Nairobi kwa magari yenye baridi, na kupakiwa katika ndege kwenda Ulaya. Kabla ya tarehe 14 Februari, siku ambayo Wazungu hupeana maua, mashamba huhitaji mikono mingi kuliko waliyo nayo. Kijana asiye na cheti chochote anaweza kushuka katika matatu siku ya Jumatatu, na Alhamisi akawa yumo shambani anakata maua. Sijui mji mwingine katika nchi hii unaompokea mgeni kwa upesi kama huo. Tena kuna Olkaria, ambako umeme hutolewa katika mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981. Lakini kazi za huko zataka fundi mwenye cheti, na mwenye cheti hahitaji sana chumba chetu. Mwaka 2019 reli mpya ilifika upande wa Suswa na Mai Mahiu, na bandari ya nchi kavu ikajengwa huko. Watu walitazamia mambo makubwa. Kwa nionavyo mimi, walionunua viwanja kwa tumaini hilo ni wengi kuliko walioajiriwa kwa sababu yake.

Hapa sina budi kusema neno linalokwenda kinyume na maoni yangu mwenyewe. Wengi wa wafanyakazi wa maua ni wanawake, na kwa mama aliyefiwa na mume, au aliyeachwa na watoto, Naivasha imekuwa kimbilio. Yuko mama mmoja wa kwetu, ambaye sitamtaja jina, aliyefika Karagita na watoto watatu na sufuria moja. Leo mtoto wake wa kwanza ni mwalimu. Huko Nakuru angeweza kupata nini? Angefua nguo za watu, na siku nyingine angekosa hata nguo za kufua. Kwa hiyo ye yote atakayesimama hapa na kusema kwamba Naivasha ni mji mbaya, mimi sitamwunga mkono.

Lakini wazee wangu, nataka mwangalie mahali wanapolala watu hawa. Karagita ni mabanda na vyumba vya mawe vilivyobanana kando ya barabara ya kusini ya ziwa. Ziwa unaliona, lakini maji ya kunywa unayanunua kwa mtungi. Mwenye nyumba anajua siku ya mshahara kama uijuavyo wewe, na mshahara ukipanda kidogo kodi nayo hupanda. Walioona afadhali kukaa karibu na mji, mtaa wa Kihoto, walifuatwa na ziwa mpaka mlangoni: mwaka 2020 maji yalipanda yakaingia nyumbani, na mwaka 2025 yakarudi, watu wakahamisha magodoro kwa mashua. Wamaasai ndio walioliita ziwa lile kwa jina lenye maana ya maji yanayochafuka, nasi tulidhani wanasema juu ya upepo wa alasiri tu.

Hata hivyo ubaya wa nyumba si jambo kubwa. Jambo kubwa nililiona mwezi wa Machi mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Masoko ya Ulaya yaliporomoka, na waridi zilizokwisha kukatwa zikatupwa kwa malori. Katika shamba nililokuwamo mimi, tangazo lilibandikwa langoni kwamba tukae nyumbani mpaka tuitwe. Nilirudi chumbani nikafikiri nimwendee jirani wa kulia anikopeshe unga. Naye alikuwa mfanyakazi wa maua. Jirani wa kushoto vile vile. Nikamwendea mwenye duka, akanionyesha daftari lake la madeni, akasema kwamba wote waliomo humo walikuwa wamekaa nyumbani kama mimi. Mwenye bodaboda hakuwa na abiria, mama wa mboga hakuwa na mnunuzi, na mwenye nyumba, ambaye nilimwogopa miaka yote, nilimkuta ameketi nje ya vyumba vitupu. Siku ile ndipo nilipofahamu kwamba tulikuwa tunakula sote katika chungu kimoja, na hicho chungu hakikuwa mekoni petu.

Nilipanda lori la viazi lililokuwa likirudi Nakuru. Na hapo ndipo chumba hiki tunachokijadili kiliponipokea.

Sasa niseme juu ya Nakuru, nami sitaipamba. Nakuru haimtaki mgeni. Hakuna lango ambalo watu mia husimama alfajiri na arobaini wakaingia kazini. Mtu huulizwa anamjua nani, amesoma wapi, ana vyombo gani vya kazi. Mwezi wa kwanza ni mrefu sana. Mimi nilikaa wiki saba bila mshahara, nikibeba magunia Top Market kwa malipo ya siku. Viwanda vilivyokuwa fahari ya mji huu vimepungua: pareto, ambayo zamani ilitoka Kenya kwenda kwa dunia nzima kupitia Nakuru, ilianguka vibaya, na kiwanda cha betri kilifungwa mwaka 2014, wafanyakazi wake wakaachwa wakitafuta kazi za ulinzi. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji, la nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tulishangilia. Kesho yake bei ya unga ilikuwa ile ile, na wapagazi wa Top Market walikuwa wale wale.

Lakini tazameni jinsi mji ule unavyopata riziki yake. Kuna makao ya Kaunti na karani wake wote. Kuna hospitali kubwa ya rufani. Kuna mabenki, shule, na Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939. Mahindi, ngano, viazi na maziwa hushuka kutoka Njoro, Molo, Subukia na Bahati, na kila gunia humpa mtu kazi: mpagazi, mshonaji wa magunia, msagaji, fundi wa lori, mama wa chai. Kuna mafundi wa jua kali wanaotengeneza majembe ya trekta. Hata chama cha wafanyakazi wa mashamba makubwa, kinachowatetea wale wa maua wa Naivasha, makao yake makuu yako Nakuru. Mwaka ule wa korona Nakuru nayo iliumia, lakini kila mtu aliumia kwa njia yake. Fundi alipokosa kazi, mpagazi alikuwa nayo, na mwenye duka aliendelea kukopesha kwa kuwa daftari lake lilikuwa na watu wa kila namna. Mimi niliingia kwa fundi wa magari kama mwosha vyuma. Mwaka wa tatu nikawa fundi. Naivasha, baada ya miaka sita, nilikuwa mkata maua kama siku ya kwanza, ila nikikata upesi zaidi.

Yapo mawili ambayo hayatenganishi miji hii, nayo yawapasa wazazi kuyajua. La kwanza ni maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina fluoridi nyingi, ambayo huwatia watoto meno ya rangi ya kahawia, na rangi ile haitoki. Mtu apangaye chumba Nakuru au Naivasha na aulize maji yanatoka wapi kabla ya kuuliza kodi. La pili ni Januari 2008. Miji yote miwili iliona damu na moto mwezi ule, na watu walifukuzwa katika nyumba walizokaa miaka ishirini kwa sababu ya lugha waliyozaliwa nayo. Wazee wanaokumbuka watanishuhudia kwamba waliookoka upesi ni wale waliokuwa na jirani wa kabila jingine aliyewaficha. Kwa hiyo nawaomba vijana wetu, huko waendako, wasipange wote katika ua mmoja kama tulivyofanya sisi.

Bwana Mwenyekiti, sasa nalijia shauri lenyewe. Mimi napinga kufungwa kwa chumba cha Nakuru. Naivasha kijana hapati shida ya kuingia; shida yake ni siku lango linapofungwa, na siku hiyo ataelekea Nakuru, kwa kuwa ndiyo njia ya kurudi kwetu magharibi. Tukikifunga chumba, atapita hapo usiku bila pa kulala, na atafika nyumbani mikono mitupu. Tena msisahau kwamba ndugu zetu wanaougua sana Naivasha mara nyingi huletwa hospitali ya Nakuru, na wanaokuja kuwauguza hulala katika chumba hicho hicho.

Kwa upande wa Naivasha, nimezungumza na wanachama wawili wanaokaa Karagita, mmoja mama na mmoja mwanamume. Wamekubali kuwapokea wageni wetu kwa siku tatu tatu, bila kodi, mradi Chama kiwape magodoro mawili na blanketi nne. Nao wameomba kwamba kila kijana atakayepata kazi ya maua aweke kwa Mweka Hazina sehemu ya mshahara wake wa mwezi wa Februari, wakati kazi inapokuwa nyingi, fedha ambazo hataruhusiwa kuzigusa ila amesimamishwa kazi au anakwenda kujifunza ufundi Nakuru. Katibu ameandika majina yao na gharama ya magodoro, na karatasi iko mezani kwake kwa kila mtu atakaye kuisoma kabla ya kura kupigwa alasiri.