Nani Hana Kazi? Tuhesabu kwa Uangalifu

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Leo tunapenda kuzungumzia swali moja lililomo katika fomu za kuandikisha kaya: "Ana kazi?" Jibu lake ndilo linaloamua nani apate mafunzo ya ufundi, nani aingie katika kikundi cha mikopo, na nani aachwe. Hatuna budi kulipima vizuri.

Watakwimu huwagawa watu wenye miaka 15 na zaidi katika mafungu matatu. La kwanza ni wenye ajira: waliofanya kazi ya malipo au ya faida, hata kwa saa moja tu, katika siku saba zilizopita. La pili ni wasio na ajira: hawakufanya kazi hiyo, wametafuta kazi ndani ya majuma manne, na wako tayari kuanza. Wote waliobaki huwekwa nje ya nguvukazi, nao huitwa "wasiojishughulisha kiuchumi". Humo wamo wanafunzi, wazee na wagonjwa. Lakini wamo pia mama anayemuuguza mkwewe, na kijana aliyechoka kuzungusha barua za maombi.

Tuchukue mfano wa kijiji chenye watu wazima 100. Tuseme 60 wana ajira, 10 wanatafuta, na 30 wako nje ya nguvukazi. Kiwango cha ukosefu wa ajira ni 10 kati ya 70, yaani kama asilimia 14. Mwaka unaofuata, watano kati ya wanaotafuta wanakata tamaa. Sasa ni 5 kati ya 65, yaani karibu asilimia 8. Taarifa itasema hali imekuwa nzuri, na kumbe hakuna hata mmoja aliyepata kazi! Ndiyo maana tunawaomba msitazame kiwango hicho peke yake. Tazameni pia wangapi wametoka katika nguvukazi, na kwa nini.

Hapa Tanzania jambo hili linafahamika. Katika Tafiti za Nguvukazi za mwaka 2006 na 2014, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitumia tafsiri ya kimataifa pamoja na ya kitaifa. Tafsiri ya kitaifa humhesabu asiye na kazi na aliye tayari kufanya kazi, hata kama hakuitafuta. Mahali ambapo hakuna ofisi wala kiwanda, mtu ataitafuta wapi? Tafiti hizo ziliuliza pia jinsi watu wanavyotumia muda wao, hivyo kazi za nyumbani nazo zikaonekana.

Wakulima nao wanahusika. Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Watakwimu wa Kazi, uliofanyika Geneva mwaka 2013, ulikubaliana kuwa kulima chakula cha nyumbani ni kazi, lakini si ajira. Kwa kipimo hicho, anayeamka alfajiri kulima mahindi ya kula watoto wake tu anaweza kuandikwa nje ya nguvukazi. Asionekane mvivu kwa sababu hiyo.

Mzigo huu huwaelemea zaidi akina mama. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 748 walikuwa nje ya nguvukazi kwa sababu ya kulea na kuuguza. Kati yao, milioni 708 walikuwa wanawake.

Basi, mjumbe anapofika kwenye kaya, asitosheke na jibu "hana kazi". Aulize mambo manne:

1. Juma lililopita ulifanya shughuli gani, pamoja na shamba na nyumbani?
2. Je, ulitafuta kazi au mtaji katika majuma manne yaliyopita?
3. Kama hukutafuta, ni kwa nini?
4. Ukipata nafasi, je, unaweza kuanza sasa?

Jibu la tatu ndilo litakalotuonyesha msaada unaofaa. Aliyekata tamaa anahitaji mafunzo na mtaji. Mwenye mgonjwa anahitaji kwanza mtu wa kumpokea zamu. Nanyi wafadhili, mnapoletewa taarifa kuwa wasio na ajira wamepungua, tunaomba muulize: wamekwenda wapi?