Povu Lilizima Moto, Likaacha Maradhi

Msikilizaji, mafuta ya ndege yakishika moto, maji peke yake hayafui dafu. Ndiyo maana nchini Marekani wazimamoto wa kambi za jeshi na viwanja vya ndege walipewa povu lililobuniwa miaka ya 1960. Linatanda juu ya mafuta kama utando wa maziwa yaliyopoa, moto ukakosa hewa. Siku za mazoezi walilikanyaga, wakarudi nyumbani na buti zimelowa. Mahakamani wanasema hawakuonywa.

Ndani ya povu hilo mna kemikali za PFAS, zinazokaa mwilini kwa miaka. Mojawapo, PFOA, mwaka 2023 ilitangazwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Kesi za povu hilo zimekusanywa katika mahakama ya shirikisho mjini Charleston, South Carolina. Hapa tega sikio, maana wengi wanakosea: zile dola bilioni 10.3 ambazo kampuni ya 3M, iliyowahi kutengeneza povu hilo, ilikubali kulipa mwaka 2023 ni za mamlaka za maji ya kunywa. Si za mgonjwa. Mwenye saratani ya figo au korodani hufungua dai lake mwenyewe.

Ndugu yetu uliyeko huko Marekani na uliyefanya kazi ya zimamoto kwa povu hilo, au mjane wa aliyeifanya, tafuta barua za ajira na majibu ya vipimo vya hospitali. Muda wa kudai hutofautiana kila jimbo, na kwingine ni miaka 2 tu. Wakili kwa kawaida hukata asilimia ya fidia. Muulize ni ngapi kabla hujatia sahihi.