Suluhu Isiyo na Woga



Katika vijiwe vyetu vya Mwanjelwa mchezo uliozoeleka ni drafti. Leo twaazima mfano kwa ndugu yake, sataranji. Wachezaji wawili wazoefu wa chama kimoja hushindana kwa saa kadhaa, hata wakabaki na wafalme wawili na askari wachache waliozuiana, wala hakuna pa kupenya. Mmoja hupendekeza suluhu, mwenzake hukubali, wakapeana mikono. Kila mmoja hupata nusu ya alama.

Mtazamaji aweza kusema wamepoteza muda bure. Lakini lugha yetu hutufundisha vingine: neno suluhu ni la mchezo usio na mshindi, na ndilo hilo hilo la ugomvi uliokwisha.

Hata hivyo, suluhu hazilingani. Kuanzia Septemba 1984 hadi Februari 1985, Karpov na Kasparov walicheza michezo 48 mjini Moscow kuwania ubingwa wa dunia, na 40 kati yake ikaisha kwa suluhu. Mingine ilipiganwa kwa bidii. Mingine ilikatishwa mapema, baada ya hatua chache tu. Matokeo yaliandikwa sawa, lakini kazi iliyofanyika haikuwa sawa.

Jambo hili latuhusu. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, bali hupatanisha. Upatanisho ukishindikana ndani ya siku 30, mlalamikaji aweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo watu wengi watahimizwa kupeana mikono, na mara nyingi wahimizaji tutakuwa sisi.

Tuwe waangalifu. Katika sataranji, anayependekezewa suluhu ana haki ya kuikataa na kuendelea kucheza. Mjane anayeshinikizwa kuachia nusu ya kiwanja chake "kwa ajili ya amani" hakusuluhishwa; amenyang'anywa.

Basi kabla ya kuwaomba wagombanao wapeane mikono, tujiulize: Je, wote wawili wamesikilizwa? Je, mipaka na hati zimekaguliwa mbele ya mashahidi? Je, aliye mnyonge aweza kukataa bila woga? Jibu likiwa hapana hata kwa swali moja, mchezo haujaisha.