Kuyapa Njia Maji Yatuamayo Uani



Leo twataka kusema nanyi habari ya jambo ambalo kila mwenye nyumba hulijua, nalo ni dimbwi libakilo uani baada ya mvua za masika. Wengi wetu huliona, tukaliruka, tukaenda zetu huku tukisema, "Jua likiwaka litakauka." Kweli hukauka, lakini mvua ya pili ikinyesha, dimbwi hurudi mahali pale pale, kama mdai aliyeahidiwa kulipwa kesho.

Madhara yake ni mengi. Kiambaza cha udongo hunyonya maji kwa chini, kikalainika, kikabomoka; nguzo nazo huoza. Lakini dhara lililo kubwa kupita yote ni mbu. Zamani watu wengi walidhani kuwa homa ya malaria huletwa na hewa mbaya ya mabwawa, na hata jina lenyewe "malaria" latokana na maneno ya Kiitalia yenye maana ya hewa mbaya. Mwaka 1897, daktari Ronald Ross, aliyekuwa akifanya kazi Bara Hindi, aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Tangu hapo ikaanza kujulikana kuwa mwenye hatia si hewa, bali ni mbu azaliwaye majini. Mwaka 1902 Ross aliitwa katika mji wa Ismailia, nchi ya Misri, kando ya mfereji wa Suez, ambako homa ilikuwa imewasumbua watu miaka mingi. Madimbwi yalifukiwa na maji yaliyotuama yakaondolewa, na homa ikapungua sana katika muda mfupi.

Basi na tufahamu jinsi mbu azaliwavyo. Mbu jike hutaga mayai juu ya maji. Mayai hutoa viluwiluwi. Viluwiluwi hugeuka, na mbu akaruka. Katika nchi zetu za joto kazi hiyo yote huchukua muda kama wa siku 7 hadi 14. Kwa hiyo maji yanayoondoka kwa siku mbili tatu hayana nafasi ya kulea mbu. Yanayokaa wiki mbili huwalea kwa mamia. Tena mbu wa malaria wa Afrika hapendi maji machafu ya chooni, bali hupenda maji ya mvua yaliyo wazi juani, hata kama ni kidogo kama yajaavyo katika wayo wa ng'ombe.

Hapa yatupasa kusema neno ambalo huenda likatuuma. Madimbwi mengine hatukuletewa na mvua, tumeyachimba kwa jembe letu wenyewe. Tunapokandika nyumba, udongo twauchimba karibu, hatua chache kutoka mlangoni. Nyumba ikiisha, shimo twaliacha. Watoto wanaolala ndani ya kuta zile huumwa na mbu waliozaliwa katika shimo lililotoa kuta zenyewe. Shimo la namna hiyo na lifukiwe kwa udongo na mawe, lishindiliwe, na lipite usawa wa ardhi kwa inchi chache, kwa kuwa udongo mpya hushuka. Lisifukiwe kwa vifuu na makopo, maana hivyo navyo hushika maji.

Ikiwa uani hapana shimo, na maji hutuama hata hivyo, msikimbilie jembe kwanza. Mvua inyeshapo, simameni barazani mtazame. Maji yatoka wapi: yaanguka kutoka paani, au yashuka kutoka mlimani? Yakwama wapi? Na mahali gani ni chini zaidi, yanapoweza kwenda? Pigeni vigingi mahali hapo kungali na maji, kwa sababu ardhi ikikauka macho hudanganyika.

Kisha chimbeni mfereji wenye upana wa futi 1, mkianzia upande wa chini na kupanda juu, ili maji yasiwatuamie mkiwa kazini. Kuta zake zilale kidogo, zisisimame wima, zisije zikaporomoka. Sakafu ya mfereji ishuke kwa inchi 1 kila futi 8, isipungue hapo. Kupima si kazi ngumu. Chukueni ubao ulionyooka wenye urefu wa futi 8, mwazime pimamaji ya fundi mwashi. Ulazeni ubao sakafuni mwa mfereji, na chini ya ncha iliyo upande wa bondeni wekeni kipande cha mti chenye unene wa inchi 1. Pimamaji ikionyesha kuwa ubao umelala sawa, mtelemko ni mwema. Wanafunzi waliosoma hesabu wawasaidie wazee wao kwa kazi hii. Kingo zipandwe ukoka, zishike udongo.

Pengine hapana bonde la kupeleka maji. Hapo shimo la kunyonya maji laweza kufaa, lakini kwanza jaribuni udongo. Chimbeni kishimo cha futi 1, kijazeni maji, yakizama jazeni tena asubuhi. Ikiwa jioni maji yangalimo, udongo huo ni wa mfinyanzi, wala shimo halitafaa. Itawabidi kutafuta njia ya mfereji hata ikiwa ni ndefu. Yakizama upesi, chimbeni shimo la futi 4 kwenda chini na futi 4 kwa upana, mlijaze mawe makubwa na vipande vya matofali, na juu yake kokoto, maji yasionekane kabisa. Liwe mbali na nyumba kwa futi 15 au zaidi, na mbali na kisima kwa futi 100. Maji ya mvua msiyaelekeze chooni kamwe, kwa maana choo kitafurika na uchafu utaenea. Kando ya shimo pandeni migomba au magimbi. Mimea hiyo hupenda maji, nanyi mtakula.

Lipo jambo moja zaidi, nalo ndilo lenye kuleta magombano. Mtu aliyesukuma maji yake katika ua wa jirani hakuondoa dimbwi, amelihamisha tu. Mbu hajui mpaka wa ukuta. Atazaliwa kwa jirani, na usiku atarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba, mwiteni jirani mtazame pamoja. Nyumba kumi zikiungana katika mfereji mmoja unaofika mtoni au bondeni, kila mtu atachimba hatua chache tu, na mtaa mzima utakauka.

Na mfereji ukiisha kuchimbwa, kazi haikuisha. Majani na taka huuziba, na mfereji uliozibwa ni dimbwi refu kuliko lile la kwanza. Usafisheni kabla ya masika na kabla ya vuli, na baada ya kila mvua kubwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatusemi kwamba mfereji watosha peke yake. Chandarua bado chahitajiwa kila usiku, na mtoto mwenye homa apelekwe kwa mganga wa hospitali siku ile ile. Lakini chandarua humzuia mbu aliyekwisha kuzaliwa. Mfereji humzuia asizaliwe. Jembe mnalo, ubao mnao, na nguvu mnazo. Mvua ijayo itazameni vema, na jua litokapo anzeni kazi.